Mbao Fupi

Dukani, Chizuru alishangaa kumwona binti yake akirudisha ukutani zile mbao ndefu za kuteleza thelujini, alizozililia tangu majani yaanze kupukutika, kisha akachukua fupi.

"Mbona hizo?"

"Zinageuka upesi kwenye miti, Mama."

"Na alasiri, theluji ikishavurugwa na watu? Zitakutikisa mpaka meno."

Msichana alikandamiza ncha kwa kiganja, ikapinda taratibu. Chizuru alimtazama usoni. Tangu lini huyu anapenda mwendo wa kinyonga wa mbao fupi?

"Sema ukweli."

"Ndefu zinakimbia. Ukiniita nitakuwa bondeni."

Msituni watu huteleza wawili wawili, wakiitana. Mwaka jana Chizuru alitumbukia kichwa chini kwenye shimo la theluji lililozunguka shina la msonobari, na binti akapanda mlima kwa magoti kumfuata.

"Kumbe mimi ndiye mzigo."

"Sikusema hivyo."

"Umesema, na ni kweli."

Akazing'oa zile ndefu ukutani, akamkabidhi binti, kisha akamgeukia muuzaji.

"Kaka, mbao pana za kuelea juu ya theluji laini, za mama mwenye magoti mabovu na haraka zake, ziko wapi?"