Kadi ya Mzee Mbaruku

Tangu bintiye, Salhina, aingizwe chumba cha kujifungulia, Mzee Mbaruku alikuwa akisoma kadi ileile. Alikuwa mtunga kamusi, naye akibabaika hushika neno kama wengine washikavyo tasbihi. Kwenye kadi aliandika neno la Kiingereza midwife, yaani mkunga, na asili yake: mid, katika lugha yao ya kale, ni "pamoja na", wif ni mwanamke. Mwanamke aliye pamoja na mzazi. Ujuzi haukutajwa popote.

Mlango ukafunguliwa. Mkunga, Bi Tunu, alikuwa jasho tupu.

"Mzee, mama yake hajafika?"

"Mama yake tulimzika mwaka jana."

"Basi mwite shangazi, jirani, mwanamke yeyote. Nina wazazi watatu na niko peke yangu. Salhina anaogopa, amekataa kusukuma."

Mzee akatazama ukumbi. Hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Na baba haingii kule. Hata kuuliza ni aibu.

"Kitanda chake kina pazia?" akauliza hata hivyo.

Bi Tunu akamkazia macho, kisha akaenda kumwekea kiti.

Mzee akaketi, uso ameuelekeza ukutani, akapenyeza mkono kando ya pazia. Vidole vya moto vikaudaka, pamoja na kadi.

"Nani?"

"Mimi, mwanangu. Nipo."

Salhina akasukuma. Kadi ikakunjamana viganjani mwao, ikalowa. Akapiga ukelele mmoja mrefu, kisha vidole vyake vikalegea.

Mzee akabana pumzi, akisubiri sauti ya pili, ya mtoto.