Kiingereza cha Hafsa

"Kukrashi ni kugonga gari," Bi Mwanne alisema kwa uhakika.

Najiat akatikisa kichwa. Vijana wakiandika wamekrashi, maana yake wamelala fofofo. Au wameenda kulala kwa rafiki bila kualikwa. Bi Mwanne akaguna. Kitenzi kimoja kazi tatu, na wenyewe hawaoni haya! Shule yake iliishia darasa la saba, hapohapo Tabora, na Kiingereza chake kilikuwa cha kusoma maboksi ya dawa.

Lakini angefanyaje? Hafsa, bintiye, walimzika Ijumaa. Kaka wa Hafsa, Nasri, alikuwa Uturuki, anakaribia mitihani ya mwisho ya udaktari. Wazee wa ukoo walikaa wakakubaliana: aliye mbali hapewi msiba mpaka amalize lililompeleka. Angeambiwa, angetupa vitabu apande ndege, na jasho la miaka yote lingekwenda na maji.

Shida ni kwamba ndugu wale wawili waliandikiana kila jioni, kwa Kiingereza chao cha kihuni. Hafsa akinyamaza, Nasri angeshtuka. Basi mama akashika simu ya marehemu, na Najiat, shoga wa Hafsa, akawa mwalimu.

Bi Mwanne alijifunza. Kuchili ni kupoa, ni kutulia, ni kukaa na mwenzio bila kazi. Aliandika kwamba anachili tu nyumbani, huku machozi yanadondokea kioo cha simu. Iliuma, jamani, kumtania mwanawe kwa mdomo wa marehemu. Nasri naye alijibu kwa vicheko. Hakuomba kupiga simu hata mara moja, na Bi Mwanne alimshukuru Mungu kwa hilo. Aliuliza tu kama mama amekula, kama amemeza dawa za presha.

Mtihani wa mwisho ulipokwisha, Bi Mwanne alijifunga kibwebwe akampigia kwa simu yake mwenyewe. Nasri akamwamkia. Bi Mwanne akaitikia marahaba, akaanza Innalillahi.

"Najua, mama," Nasri alisema. "Nilijua siku ileile mliyomzika. Rambirambi zilinifikia hukuhuku."

Bi Mwanne akakaa chini palepale. Akamuuliza, sasa siku zote zile alikuwa akimjibu nani?

Nasri alikuwa analia. "Simu yake usiizime, mama. Jioni niandikie tena."