Tabia Aenda Kisimani Peke Yake

Nilimfungua Tabia kamba mguuni. Ilikuwa imemwachia alama nyeusi kifundoni. Alikuwa na miaka thelathini na akili ya mtoto, na mjomba wake alikwisha kuapa: akipotea tena, hafunguliwi kamwe.

“Nenda kisimani, mwanangu.”

Tulikuwa tumepatana na majirani, kila atakayepitiwa mlangoni apaze sauti.

“Mama Tabia, kapita! Kaniambia nimenenepa!”

“Na kwangu kapita!”

Mlango wa tatu sikusikia kitu ila ngoma za msafara ulioingia mjini kutoka bara. Watu wageni walijaa njia. Nikakimbia, Ayatul Kursi mdomoni.

Tabia alikuwa amesimama kizingitini kwa jirani wa tatu, mtungi kichwani.

“Wanifuatia nini, mama? Nawapisha wageni. Rudi nyumbani.”

Miguu haikutaka. Nikaigeuza.