Delbert Anatuita

Nyasi za uwanja wa shule ya Tull zilikuwa zimefika magotini, na hakuna mzazi aliyethubutu kulalamika. Mkataji wake alikuwa shujaa. Delbert Yoakum, fundi wa mji, alikuwa kusini mwa Oklahoma akiwatoa watu kwenye mafuriko, huku mshahara wake ukiingia kama kawaida. Sheria mpya ya jimbo ndiyo iliyomruhusu: mtumishi wa umma aliyefunzwa uokoaji sasa hupewa likizo ya maafa.

Mji ulikuwa umeanza kumkumbuka kwa uchungu. Choo cha wanaume kiliziba, taa za barabarani ziliwaka mchana na kuzimika usiku. Delbert ndiye aliyeyamudu hayo yote. Hata king'ora cha kimbunga kilikuwa chake, na ufunguo wake hakuna mwingine aliyekuwa nao. Kimbunga kikija kweli, wilaya hukipiga king'ora kutoka mbali na watu hukimbilia mashimo yao ya kujikinga bila kuulizana. Lakini kikilia Jumamosi adhuhuri ni Delbert anakijaribu, na Tull nzima husema, "Delbert anatuita," kisha hunawa mikono na kwenda mezani. Kuna watoto waliokua wakidhani hilo ndilo jina la king'ora.

Jumamosi hiyo walijaa kwenye ukumbi wa michezo wa shule kumpongeza Boyd Rackley, seneta wa jimbo, aliyeipigania sheria ile. Ukumbi haukuwa na dirisha hata moja, na milango ilifungwa ili ubaridi wa viyoyozi usitoke. Mtabiri wa hali ya hewa wa televisheni alikuwa amesema dhoruba ni ya jioni.

Mwalimu mkuu, Arlene Haskett, alisimama jukwaani. Muswada wa sheria ile ulikuwa na sehemu mbili. Ya pili ilikuwa fedha za shule, ili kila shule isiyo na handaki la zege la kujikinga na vimbunga ijengewe. Shule yake haikuwa na hata shimo, ila paa pana la bati juu ya vichwa vya watoto. Rackley aliifuta sehemu hiyo ili ile ya likizo ipite, akamwomba Arlene asipige kelele, akimwahidi kwamba mambo yake yatashughulikiwa. Arlene akanyamaza. Tangu siku ile alijichukia.

Masikio yake yalikuwa yameziba tangu wameketi. Nje, mbwa wa mtu alibweka bila kupumzika, kisha akaacha ghafla. Arlene alisema moyoni kwamba ni joto la huko nje tu.

"Tabasamu, Mwalimu," Rackley alimnong'oneza. "Unapigwa picha, huzikwi."

"Handaki langu liko wapi, Mheshimiwa?"

Maikrofoni ilikuwa wazi. Ukumbi mzima ukamgeukia seneta, naye akacheka kicheko cha kampeni.

"Mwakani, mama. Waokoaji kwanza, zege baadaye. Kwani kuna haraka gani?"

"Haraka yangu ndiyo hao waliokaa mbele yako. Uliniahidi, na leo nataka jibu mbele ya wazazi wao."

Watu walianza kupiga makofi, kwanza wachache, kisha safu nzima ya akina mama. Rackley alichomoa simu haraka, akabofya, akaisogeza kwenye maikrofoni.

"Jamani, kabla hatujagombana, tumsikie shujaa mwenyewe! Delbert! Mji wote uko hapa!"

"Hamjambo huko?" Sauti ilikuwa na mikwaruzo ya mbali. "Nyasi mmekata, au mmeamua kufuga ng'ombe?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Arlene naye alicheka, bila kupenda.

Hapo ndipo king'ora kilipolia. Kiliwahi kidogo kabla ya adhuhuri, lakini nani angejali, na harufu ya nyama iliyookwa kwa moshi ilishawatesa vya kutosha.

"Delbert anatuita!" watoto walipiga kelele, wakakimbilia meza za chakula. Wazee wakafunua sufuria za maharage. Mtu alianza kugawa mkate wa mahindi.

"Chakula kimeniokoa, Mwalimu," Rackley alisema. Alimwachia simu mkononi, akashuka kutafuta sahani.

Arlene aliizima maikrofoni na kuiweka simu sikioni. Angalau huyu angemwelewa.

"Umesikia, Delbert? Eti mwakani."

Mzaha ulikuwa umemtoka Delbert kabisa.

"Mwalimu, huo mlio unaosikika hapo ni king'ora chetu?"

"Ndiyo. Si ni Jumamosi leo? Ni majaribio yako."

"Mwalimu," alisema Delbert, "mimi niko huku, na ufunguo ninao mfukoni."