Togwa ya Uwanjani

Zamani wanyama walipokuwa wakialikana harusi, Kenge peke yake ndiye aliyejua kupika togwa, kinywaji kitamu cha uji na kimea. Ukiitaka, uinywe kwa vibuyu vyake, wala usichungulie chungu chake. Digidigi alipotaka kumwoza bintiye, Kenge akaongeza sharti: vibuyu vingine vyote kijijini vivunjwe kwanza.

"Basi tutapika wenyewe," akasema Nguchiro, ambaye hakuzaliwa na adabu ya kunyamaza. Akateleka chungu katikati ya uwanja. "Anayepita aonje. Akiona kasoro aseme, na akijua dawa yake atufundishe sote."

Komba akaonja, akasema ulezi wa kimea uachwe uote zaidi. Kanga akasema uji uongezwe maji. Togwa ikapata sura, lakini utamu haukuja.

Kenge akaja kucheka.

"Onja na wewe, mzee," Nguchiro akampa upawa.

Kenge akaonja, akakunja uso. Ufundi ukamwasha kuliko wivu.

"Mnatia kimea uji ungali unachemka. Moto unakiua. Uacheni upoe kwanza, uwe vuguvugu."

Kenge akafumba mdomo, lakini siri ilikwisha toka.

"Asante, mzee," akasema Nguchiro.

Siku ya harusi togwa ilikuwa tamu, na kila aliyeuliza mpishi ni nani alitajiwa wapishi wote, Kenge akiwemo. Mwenyewe alikuwa ameketi pembeni na vibuyu vyake vitupu. Aliposikia jina lake, akasogea.

"Lakini ulezi wenu mnausaga ovyo," akasema. "Hebu leteni hilo jiwe la kusagia."