Mgeni Mmoja

Katiba inaikataza serikali kutoza kodi chakula cha familia. Cha mgeni hakikutajwa, ndiyo maana sasa kila mlango una kifaa kinachosikiliza neno "karibu".

Bi Salme alishajizoeza kunyamaza. Majirani wakipiga hodi, huwapungia mkono tu, wakapita zao.

Adhuhuri moja bintiye Raya, aliyeachwa na mumewe, alisimama mlangoni na begi.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu! Karibu, karibu ndani!"

Kifaa kikawaka taa nyekundu. "Mgeni mmoja," kikasema.

"Mgeni gani? Huyu nimemzaa mimi!"

"Alifutwa kwenye familia hii siku alipoolewa. Atakula?"

Bi Salme akageuka, akakitazama kisufuria cha wali jikoni. Raya akaliokota begi lake.

"Nimeshakula, mama."