Hewa ya Kwao

Ukumbini, mjumbe wa kampuni alieleza kwamba madini ya kilima cha mji ule yangetumika kutengeneza betri za magari yasiyotoa moshi. Tunu, mkalimani wake, akawatafsiria wenyeji. Bi Kabula, mfinyanzi, akasimama.

“Muulize, mwanangu, hewa iliyochafuka ni ya wapi?”

Mjumbe akajibu kirefu, huku akitabasamu. Mkuu wa wilaya, aliyeketi kando yao, akamnong'oneza Tunu, “Waambie watashirikishwa, basi.”

Asubuhi ile ile mkuu alikuwa amemwahidi Tunu kazi ya kudumu mgodini.

“Anasema ni ya kwao,” Tunu akatamka. “Na kwamba ninyi mtahamishwa kabla ya mvua.”

Mkuu akampokonya kipaza sauti. Bi Kabula alikuwa ameshatoka, anapanda kilima, na watu wakimfuata.